Ukitajwa Kuwemo Katika Kamati ya Shehia: Ukubali au Ukwepe?



Suali hili hutufikia kwa sura mbali mbali. Mara ni kijana wa Kiponda aliyeambiwa na sheha kuwa anataka kumtia katika baraza lake. Mara ni mama wa Jang'ombe ambaye wazazi wenzake wamemtaja kwa kamati ya skuli, naye bado hajajibu. Mara ni mvuvi wa Kizimkazi anayetakiwa aingie kamati ya wavuvi na anaogopa kugombana na ndugu zake. Na wapo ambao hawajaitwa na mtu, ila wanaona mtaro unaziba kila masika na hakuna anayesema, wakataka kwenda wenyewe kujitolea, kisha likawazuia neno walilolisikia msikitini kwamba mwenye kuomba uongozi hapewi.

Wote hao wanauliza jambo moja: Muislamu ajitie katika kamati hizi za kushauri serikali za mitaa, au salama yake ni kukaa mbali nazo? Tutajibu kwa urefu kidogo, kwa sababu jawabu fupi limeshawadhuru watu. Wapo walioambiwa "haifai" wakaiacha mitaa yao kwa wasiofaa, na wapo walioambiwa "inafaa" bila ya masharti wakaingia, wakatoka na haki za watu shingoni.

Kamati zenyewe ni zipi

Kazi ya kushauri hapa kwetu haikuletwa na sheria za karibuni. Katika miji ya kale ya Wahadimu, kama Chwaka na Makunduchi, mambo ya mji yalikuwa yakisimamiwa na wazee walioitwa Watu Wanne. Mgeni anayetaka kujenga au kulima aliwaendea wao. Ugomvi wa mipaka na wa visima ulipelekwa kwao. Sheha naye ni jina la kale, tangu enzi ya Mwinyi Mkuu wa Dunga, ambaye masheha ndio waliomkusanyia haki zake vijijini. Waingereza walipokuja waliwaacha masheha na kuwawekea mamudiri juu yao.

Leo sheha ni mtumishi wa serikali. Sheria ya Tawala za Mikoa Nam. 1 ya 1998, na kisha Sheria Nam. 8 ya 2014 iliyochukua nafasi yake, zimeweka kwamba sheha huteuliwa na Mkuu wa Mkoa kwa mapendekezo ya Mkuu wa Wilaya. Hapigiwi kura. Pembeni yake kuna baraza la ushauri la wakaazi wa shehia yenyewe. Chini ya sheria ya 1998 walikuwa watu 12. Watu hao hawatungi sheria wala hawatozi kodi. Wao humshauri sheha juu ya usalama, usafi, ugomvi wa majirani, ardhi na maendeleo ya shehia. Diwani ni mwengine: huyo huchaguliwa, na Baraza la Manispaa analokaa ndilo lenye bajeti. Kwa Mkoa wa Mjini Magharibi kuna manispaa tatu, Mjini, Magharibi A na Magharibi B, na zote zinakwenda kwa Sheria ya Serikali za Mitaa Nam. 7 ya 2014. Ulipoanza ugatuzi mwaka 2017, skuli za maandalizi na za msingi, vituo vya afya vya msingi na huduma za kilimo ziliwekwa chini ya mabaraza haya. Ndiyo maana kamati ya skuli iliyokuwa ikionekana ni ya kuchangisha chaki tu ikapata uzito.

Ukitoka mjini utakuta kamati nyengine. Ghuba ya Menai, iliyotangazwa eneo la hifadhi mwaka 1997, ina kamati za wavuvi za shehia. Vijiji vinavyouzunguka msitu wa Jozani, ambao pamoja na Ghuba ya Chwaka ulifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2004, vina kamati za uhifadhi zinazokaa na Idara ya Misitu kuzungumzia ukataji wa kuni na mgao wa fedha za watalii. Mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini nao huanzia kwa watu wa shehia, kwenye mkutano wa kuzitaja kaya zinazostahiki.

Mji Mkongwe una mambo yake. Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe inafanya kazi kwa sheria, ya mwanzo ya 1994 na ya sasa ya 2010, na tangu mwaka 2000 mji umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Huwezi kubomoa ukuta wala kubadilisha dirisha bila ya kibali. Lakini mamlaka yoyote ina macho machache, na nyumba za mawe na chokaa zinaoza kutoka ndani. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka wakati wa matengenezo, na watu wawili wakafariki. Jumba lile lilijengwa mwaka 1883 na liko mbele ya macho ya kila mtu, pale Forodhani. Basi vipi nyumba ya familia sita katika uchochoro wa Sokomuhogo, ambayo mwanzo wa kuona ufa ni jirani wa juu na wa mwisho kuambiwa ni ofisi? Na nyingi katika nyumba hizo ni wakfu. Kamisheni ya Wakfu ina historia ndefu, tangu sheria za miaka ya 1905 na 1907, na sasa ni Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Hata hivyo mpangaji asiyesema kuwa paa linavuja, na jirani asiyesema kuwa mpangaji amekodisha vyumba kwa wageni kinyume na sharti la mwenye kuweka wakfu, wote wawili wanashiriki katika kuila sadaka ya maiti.

Nchi nyengine zimefika mbali katika jambo hili. Katika miji mingi ya Marekani mkaazi hujaza fomu, akaeleza ujuzi wake, akateuliwa kwa miaka kadhaa kuishauri halmashauri juu ya bustani, maktaba au mipango ya ujenzi, bila ya mshahara. Kwetu njia kama hiyo haijazoeleka; mtu hutajwa, au hujitaja. Hata hivyo, mpango wa Ng'ambo Tuitakayo, ulioandaliwa katika muongo uliopita na idara ya mipango miji kwa ajili ya mitaa ya Ng'ambo, ulionyesha kuwa wakaazi wakikalishwa mbele ya ramani ya mtaa wao wana mengi ya kusema: wapi wazee hukaa jioni, wapi watoto hucheza, mti gani usikatwe.

Je, kujitolea ni kuomba uongozi?

Hapa ndipo penye mzozo, basi tupaendee polepole.

Ni kweli kwamba Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alimkataza 'Abdur-Rahmaan bin Samurah kuuomba uongozi, akamueleza kwamba atakayeupata kwa kuuomba ataachiwa nao peke yake, na atakayepewa bila ya kuomba atasaidiwa. Na watu wawili wa kabila la Abu Muusaa al-Ash'ariy walipomtaka awape kazi, aliwaambia kuwa hampi kazi hii mwenye kuiomba wala mwenye kuikodolea macho. Hadithi zote mbili zimo katika al-Bukhaariy na Muslim. Na Abu Dharr (Radhiya Allaahu 'anhu), pamoja na ucha Mungu wake, alipoomba aliambiwa kuwa yeye ni dhaifu, na kwamba jambo hilo ni amana ambayo Siku ya Qiyaamah itakuwa hizaya na majuto, isipokuwa kwa aliyeichukua kwa haki yake na akatekeleza yaliyompasa. Hii imepokewa na Muslim.

Wengi huishia hapo. Lakini Qur-aan imetusimulia kuwa Nabii Yuusuf ('Alayhis-salaam) alimtaka mfalme amuweke juu ya hazina za nchi, akataja sababu mbili: kwamba yeye ni mlinzi na ni mjuzi (Suratu Yuusuf, aya ya 55). Na 'Uthmaan bin Abil-'Aasw (Radhiya Allaahu 'anhu) alimuomba Mtume amfanye imamu wa watu wake, naye akamkubalia, akamuwekea mashariti mawili: aswalishe kwa kumchunga aliye dhaifu kuliko wote, na amchukue muadhini asiyetaka ujira kwa adhana yake. Wameipokea Abu Daawuud na an-Nasaaiy.

'Ulamaa wamezikusanya dalili hizi wala hawakuziacha zigongane. Imamu an-Nawawiy, akiifafanua Hadithi ya Abu Dharr, amesema kuwa ni msingi mkubwa wa kuepuka uongozi, hasa kwa mwenye udhaifu wa kutekeleza wadhifa wake. Ama aliye na uwezo na akafanya uadilifu, huyo ana fadhila kubwa. Al-Qurtwubiy naye katika tafsiri ya Suratu Yuusuf ameeleza kuwa mtu akijua kwamba hakuna mwengine wa kusimamisha haki katika jambo hilo, basi kulitaka kunamuwajibikia, na ataje sifa zake kwa haja hiyo.

Kwa hiyo kinachotazamwa ni mambo matatu. Kwanza, unataka nini? Anayetaka heshima, gari la msafara au kiti cha mbele kwenye sherehe yumo ndani ya katazo hata kama hakufungua mdomo. Pili, unaweza? Aya ya 26 ya Suratul-Qaswas inasimulia binti aliyemsifu Muusaa ('Alayhis-salaam) kwa baba yake kwa nguvu na uaminifu, na fuqahaa wamezifanya sifa hizo mbili kuwa ndiyo kipimo cha kila kazi. Mtu mwaminifu asiyejua kusoma hesabu asikubali kuwa mweka hazina wa kamati ya maji. Tatu, yupo mwengine? Ikiwa shehia imejaa watu wazuri kuliko wewe, kaa uwasaidie. Ikiwa hakuna, kukaa kwako nyumbani hakuitwi zuhdi.

Na kuna jambo ambalo wanaouliza mara nyingi hawalitofautishi. Mjumbe wa baraza la ushauri hana amri juu ya mtu. Anatoa nasaha tu, na nasaha haikukatazwa kuiomba wala kuitoa. Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) ameifanya nasaha kuwa ndiyo dini, na akataja miongoni mwa wanaostahiki kupewa viongozi wa Waislamu na watu wao wa kawaida (Muslim). Allaah Amewasifu Waumini katika Suratush-Shuuraa, aya ya 38, kwa kuwa mambo yao huendeshwa kwa kushauriana, na Amelitia hilo baina ya Swalah na kutoa. Mwenye kumwendea sheha akamwambia, "Mimi ni fundi wa mabomba, mkizungumzia mtaro niiteni," hajaomba uongozi. Ameonyesha ujuzi wake kwa wanaouhitaji.

Jawabu letu, basi: inajuzu kukubali, na inajuzu kujitolea, kwa anayejijua kuwa anaweza na niya yake ni kuondosha madhara. Huenda ikawa fardhi kifaya pale ambapo kuachwa kwake kunaleta dhara la wazi, na huenda ikawa haramu kwa anayejua kuwa atapotosha.

Tusisahau pia kwamba sisi ni watu wa barazani. Zile barza za mawe mbele ya nyumba zetu, kuanzia Malindi mpaka Vuga, zimebeba masuali yote ya mji: nani kauza nyumba, taka zinatupwa wapi, nani kafungua baa karibu na msikiti. Mtume aliwahadharisha Maswahaba na kukaa njiani, na waliposema hawana budi, akawaambia waipe njia haki yake: kuinamisha macho, kuzuia maudhi, kuitika salamu, kuamrisha mema na kukataza mabaya (al-Bukhaariy na Muslim). Anayejua kila kinachoharibika mtaani, akakizungumza kila jioni kwa kahawa na kashata, na siku ya mkutano wa shehia akawa hayupo, hiyo haki ya njia hajaitoa.

Yanayowaponza walioingia

La kwanza ni zawadi. Wajumbe kwa kawaida hawana mshahara. Hupata posho ya kikao au nauli pale mradi unapokuwa na fungu. Posho iliyopangwa kwa wote na ikaandikwa, hiyo ni halali. Ama bahasha anayoileta mwenye kutaka kiwanja, au mwekezaji anayetaka wajumbe wa shehia ya pwani "wamsaidie" kupata ridhaa ya wananchi, hukumu yake iko wazi. Mtume alimtuma mtu wa kabila la Azd, ajulikanaye kwa Ibnul-Lutbiyyah, kukusanya Zakaah. Aliporudi akagawa mafungu mawili, hili la Waislamu na hili amezawadiwa yeye. Mtume alipanda mimbari akauliza: mbona hakukaa nyumbani kwa baba yake au mama yake akaona kama ataletewa zawadi? (al-Bukhaariy na Muslim.) Chukua suali hilo hilo ujiulize. Kabla hujawa mjumbe, mtu yule alishawahi kukuletea kilo tano za ngisi?

La pili ni barua. Maisha ya hapa yanapita kwa sheha: barua ya utambulisho, ya kuuza kiwanja, ya kuchukua mtoto skuli, ya mirathi. Tangu Sheria ya Usajili wa Wazanzibari Wakaazi ya 2005, uthibitisho wa sheha unahusika pia na kitambulisho. Mjumbe huulizwa, "Huyu unamjua? Anakaa kwetu?" Neno lako hapo ni ushahidi. Mtume alipoyataja madhambi makubwa alikuwa ameegemea; alipofika kwenye ushahidi wa uongo alikaa sawa na akalikariri mpaka Maswahaba wakatamani anyamaze. Ushahidi wa uongo ni pamoja na kusema "simjui" juu ya mtu unayemjua.

Na hapa hatuna budi kulitaja la siasa, maana ndilo linalowakimbiza wengi. Katika chaguzi kadhaa suala la nani ni mkaazi wa shehia lilizua manung'uniko makubwa, na jina la sheha likawa zito midomoni mwa watu. Watu wazima wanayakumbuka yaliyokuwepo kabla ya maridhiano ya Novemba 2009: ndugu hawazikani, duka la huyu halinunuliwi na wale, misikiti inagawika. Kura ya maoni ya Julai 2010 iliungwa mkono na takriban theluthi mbili ya waliopiga kura, na siri ya wingi ule ni kwamba watu walikuwa wamechoka. Anayeingia kamati ya shehia aingie akijua kuwa mtaro ukiziba unamfurikia mwenye kadi ya chama hiki na cha kile. Asikubali kutumika kumnyima mtu haki yake kwa chama chake, wala asimtie mwenziwe kwa sababu hiyo. Suratul-Maaidah aya ya 8 imekataza chuki ya watu isitupeleke kwenye kuacha uadilifu. Na ikiwa shehia yake imefika hali ambayo mjumbe anatakiwa afanye hilo na hana uwezo wa kulizuia, ajiuzulu. Hii ndiyo sehemu ya pekee ambapo tunasema bila ya kusita: toka.

La tatu, na kwa maoni yetu ndilo gumu kuliko yote, ni jamaa.

Tuchukue pweza. Katika vijiji kadhaa vya pwani, Kizimkazi kikiwemo, na huko Pemba katika Kisiwa Panza, wanakijiji wamekubaliana kufunga sehemu ya mwamba kwa miezi kama mitatu ili pweza wakue, kisha siku ya kufungua watu wote waende pamoja. Pweza hukua kwa kasi, na aliyeachwa miezi hiyo huwa na uzito wa kupendeza. Utaratibu huu husimama kwa kamati ya wavuvi: wao hupanga tarehe, hupiga doria, hukamata. Haupiti muda mrefu kabla ya mjumbe kumkamata usiku mpwa wake, ana mshale na kikapu. Mama yake mpwa ni dada yake mjumbe, na nyumba haina kitoweo. Afanye nini?

Aya ya 135 ya Suratun-Nisaa inaamrisha kusimamia uadilifu hata juu ya nafsi zetu, wazazi na jamaa, awe mtu huyo tajiri au masikini. Masikini ametajwa kwa makusudi, kwani huruma nayo hupotosha hukumu. Mpwa atozwe kama alivyotozwa mtoto wa mwengine mwezi uliopita. Kisha mjomba, kwa mfuko wake, ampelekee dada yake kitoweo. Huo ndio mpaka baina ya kuunga udugu na kuula mwamba wa watu. Akimwachia mpwa, wiki ya pili hakuna mwamba uliofungwa. Kila mtu ana mjomba.

Wenzetu wa Pemba wana mfano mwengine katika jambo la bahari. Kisiwa cha Misali, ambacho simulizi za wenyeji zinakihusisha na Khidhr na msala wake, kilifanywa eneo la hifadhi mwishoni mwa miaka ya 1990, na baadaye ukaanzishwa mradi wa kuwaeleza wavuvi uhifadhi kwa mafundisho ya Qur-aan juu ya amana ya ardhi na bahari, kwa ushirikiano na viongozi wa dini. Wavuvi waliokuwa hawasikii habari za kanuni za serikali walisikia habari za isirafu. Kamati yenye imamu au ustadhi wa madrasa ndani yake ina mlango huo tayari.

Mama zetu na kamati

Tumeulizwa kama mwanamke anaweza kukaa katika kamati hizi. Jawabu: ndiyo, kwa adabu za kisheria za mavazi na mazungumzo, na kwa maelewano na mumewe kama ameolewa. Siku ya Hudaybiyah, Maswahaba walipokuwa wazito kuchinja na kunyoa, aliyetoa rai ya kulitatua alikuwa Ummu Salamah (Radhiya Allaahu 'anhaa), na Mtume akaifuata rai yake (al-Bukhaariy). 'Umar (Radhiya Allaahu 'anhu) alipoandika wakfu wake, msimamizi aliyemuwekea baada yake ni binti yake Hafswah (Abu Daawuud). Usimamizi wa mali ya wakfu ni mkubwa kuliko kushauri juu ya pipa la taka.

Na kuna sababu ya hapa kwetu. Kilimo cha mwani kilianza pwani ya mashariki ya Unguja, Paje na Jambiani, mwishoni mwa miaka ya 1980, na wengi wa wakulima wake ni wanawake. Wao ndio wanaoingia maji yakitoka, wanaoona maji yanavyozidi joto na mwani unavyooza. Kamati inayozungumzia ufukwe ikawa na wanaume watupu, wenye madau na nyavu, itapanga njia ya boti za watalii katikati ya vigingi vya mwani bila ya kujua. Hilo si la kubuni tu kwa mwenye kuijua pwani ile. Vikao basi vipangwe saa ambazo mama anaweza kufika. Kikao cha baada ya Isha kwenye tawi lililojaa vijana kimemfungia mlango hata kama jina lake limeandikwa.

Kabla ya kusema "nimekubali"

Swali Istikhaarah, na umuulize mtu mmoja anayekujua aibu zako, na huyo mara nyingi ni mke au mume wako. Uliza kamati inakutana lini, inaandika kumbukumbu au haiandiki, fedha zinapita mikononi mwa nani, na kikao cha mwisho kiliamua nini. Kamati isiyokuwa na daftari, daftari liwe ndiyo hoja yako ya mwanzo. Suratul-Baqarah aya ya 282, ambayo ndiyo ndefu kuliko zote katika Qur-aan, imekuja kwa ajili ya kuandikiana madeni. Tusiseme kwamba kuandika ni kutoaminiana.

Likija jambo ambalo ni haramu kwa dhati yake, kama maombi ya kuuza ulevi karibu na madrasa, sema rai yako kwa heshima na utake iandikwe pamoja na jina lako. Wewe ni mshauri. Ukishindwa kwa wingi wa watu, na ulisema, umetekeleza yaliyo juu yako. Usitoke ukaenda kuyatangaza ya kikao barazani, kwani vikao navyo ni amana, isipokuwa kwa jambo la dhulma ambalo lina mahali pake pa kupelekwa: kwa diwani, kwa Mkuu wa Wilaya, au kwa mamlaka ya kupambana na rushwa.

Wazee nao wasiwafungie vijana milango. Tumesikia vijana wa Darajani na wa Mwembetanga wakiambiwa wasubiri mpaka waote mvi, ilhali ndio wanaojua kuchora ramani kwa simu na kuandika barua kwa Manispaa. Mwaka 2016 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walishiriki katika mradi wa kuipiga picha Unguja na Pemba kutoka angani kwa ndege ndogo zisizokuwa na rubani, na ramani zake zinatumika. Shehia yenye mtoto mwenye ujuzi huo na asiitwe kikaoni siku ya kuzungumzia mafuriko ya Mwanakwerekwe, wenye hasara ni wao.

Na muda wako ukimalizika, au ukiona huwezi tena, toka kwa utaratibu: rejesha daftari, mhuri, funguo za ghala na salio la fedha mbele ya mashahidi wawili, na upewe karatasi ya kupokelewa. Ukiwa na deni la kamati liandike katika wasia wako usiku huo huo, kwa sababu warithi wako hawalijui, na wenye haki hiyo ni shehia nzima. Huwezi kupita nyumba kwa nyumba kuwaomba wakusamehe.

Wa Allaahu A'lam.